Kaunti na KRA: kila mmoja na kodi yake

Dada, umeuliza kwa nini kaunti inakutoza ushuru wa soko pale Kongowea ilhali KRA, mamlaka inayokusanya kodi za serikali kuu ya Kenya, washachukua chao. Hizo ni serikali mbili. Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010 kimeipa serikali kuu kodi ya mapato, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) na ushuru wa forodha; kaunti ikapewa kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani na ada za huduma zake: soko, maegesho, leseni ya biashara. Ndiyo maana ushuru wa mizigo ya bandari ya Kilindini huenda Nairobi kwanza, na hilo latuuma wengi hapa Mombasa. Lakini kila ada sharti iwe na sheria. Akikudai mtu pesa bila risiti, usimpe.