Rejesta za shule zimeshika ukungu, tuzilamineti?

SWALI: Nafundisha katika shule kongwe wilayani Rungwe, iliyoanzishwa na wamisionari na sasa ni ya serikali. Stoo yetu ina rejesta za wanafunzi, vitabu vya matukio na picha za tangu enzi za ukoloni. Baadhi zimeshika ukungu na kurasa zinachanika. Wenzangu wanataka tuzilamineti, na zilizoharibika sana tuzichome. Tufanyeje?

JIBU: Mwalimu, nakuomba sana, msichome hata karatasi moja. Shule ikiwa ya serikali, hizo ni nyaraka za umma, na Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002 hairuhusu kuziteketeza bila idhini ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

Kulamineti nako hapana. Joto la mashine huigandisha plastiki kwenye karatasi moja kwa moja, na asidi iliyomo inaendelea kuila humo humo ndani. Selotepu ni hivyo hivyo: gundi yake hugeuka kahawia na kupenya kwenye maandishi.

Adui yenu ni unyevu. Tukuyu, makao makuu ya wilaya yenu, hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na ukungu hustawi unyevu wa hewa ukizidi kama asilimia 65. Vitabu vyenye ukungu vitengeni. Vianikeni kivulini penye upepo, si juani, kurasa zikiwa zimeachana. Vikishakauka kabisa, vipelekeni nje, vaeni barakoa, mfute ukungu taratibu kwa brashi laini. Ukifuta ungali mbichi unaupaka ukurasa mzima. Pini zenye kutu zitoeni. Kisha vyote vikae kwenye rafu, mbali na sakafu na ukuta wa nje.

Kabla ya kusogeza chochote, pigeni picha ya stoo ilivyo, na msichanganye mafaili ili kuyapanga upya kwa alfabeti. Barua iliyowekwa nyuma ya barua nyingine mara nyingi ndiyo jibu lake. Ukizitenganisha, hakuna atakayejua tena.

Mkianza kunakili, anzeni na rejesta. Watu hukimbilia picha, lakini mimi naiona rejesta kuwa ndiyo mali kubwa kuliko zote. Chukua safu mbili tu: kijiji cha mzazi na sababu ya kuacha shule. Ukizisoma kuanzia juu hadi chini unaona watoto walikotoka, mwaka ambao wasichana walianza kuandikishwa, na pengine vijana wa miaka ya 1930 walioacha masomo wakati dhahabu ya Lupa kule Chunya ikiwavuta watu. Simu nzuri inatosha: kitabu kiwe bapa karibu na dirisha, simu juu yake sawasawa, bila flashi. Nakala ziwe tatu, moja ikae nje ya shule. Vitabu vya adhabu na taarifa za ugonjwa msivirushe mtandaoni. Wenyewe au watoto wao bado wapo.

Miaka isiyoonekana stooni huenda iko kwingine. Wamisionari wa Kanisa la Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na hifadhi yao kuu iko Herrnhut, Ujerumani. Waandikieni mkitaja jina la misheni na miaka mnayoitafuta. Mafaili ya elimu ya serikali ya kikoloni yatafuteni Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.

Picha zitoleeni fotokopi, muwapelekee wazee waliosoma hapo, na majina yaandikwe kwa penseli kwenye fotokopi. Hilo lifanyeni likizo hii hii.