Herufi mbili za IN: zijue kabla hujagusa faili la zoni

Fungua faili la zoni, yaani orodha ya DNS inayoonyesha kila jina la kikoa (anwani ya tovuti) linaelekea wapi, na karibu kila mara utaziona herufi IN baina ya jina na aina ya rekodi. Mimi nilizinakili miaka mingi bila kuuliza. Mwenye nyumba ya wageni ya Mji Mkongwe alipofungua tawi Chake Chake, nikaamini IN ni alama ya mahali. Mstari wa tawi nikauandikia CH, kwa maana ya Chake.

Nikaiamuru seva isome faili upya. Tovuti ikaendelea kufunguka, barua pepe zikaingia, ila jina la Chake halikuonekana. Nikasema labda ni la kusubiri. Kumbe BIND, programu ya DNS kwenye seva, ilikwishalikataa faili zima, ikabaki na nakala ya zamani iliyokuwa kwenye kumbukumbu yake. Usiku umeme ukakatika. Seva ilipowaka haikuwa na cha kushika. Kulipokucha kikoa kizima hakijibu, barua za wageni wanaoulizia vyumba zimekwama njiani. Iliniuma sana, maana ulikuwa msimu.

IN si mahali, ni klasi, yaani aina ya mtandao ambao rekodi ni yake: klasi ya intaneti, namba 1. CH, namba 3, ni ya Chaosnet, mtandao uliobuniwa chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 1970. HS, namba 4, ni ya Hesiod, huduma ya kutafuta taarifa za watumiaji, nayo ilizaliwa MIT. Namba 2, CS ya mtandao wa CSNET, ilikuwa imeshaachwa hata RFC 1035, waraka wa Paul Mockapetris unaoeleza DNS, ilipotoka Novemba 1987. Nia ilikuwa mfumo mmoja ubebe majina ya mitandao tofauti, kila klasi na mti wake. Jina lilelile likiwa IN na likiwa CH ni majina mawili yasiyojuana, ndiyo sababu zoni moja haichanganyi klasi.

CH imebakiwa na kazi ndogo. Iulize seva yako kwa dig, amri ya kuuliza DNS, hivi: dig version.bind TXT CH, ukitaja anwani yake baada ya alama ya @. Ikikutajia toleo la BIND, itamtajia na mwenye nia mbaya. Weka version "none"; kwenye sehemu ya options ya faili la mipangilio la BIND leo hii, usingoje.

Na kila ukihariri, pitisha faili kwenye named-checkzone, amri ya BIND ya kukagua faili la zoni, kwanza, kisha soma logi baada ya kulipakia, hata kama tovuti inafunguka. Siku hizi IN naiandika mara moja tu, kwenye mstari wa SOA, rekodi inayofungua zoni. Mistari inayofuata inairithi.