Mbwa hakuachi, na hapo ndipo pa kuangalia

Ukitaja uaminifu wa mbwa, haichukui muda kabla mtu hajamleta Hachiko wa Japani. Mwenye mbwa huyo, Profesa Hidesaburo Ueno, alifariki ghafla kazini Mei 1925. Mbwa akaendelea kwenda kumngoja stesheni ya Shibuya, Tokyo, karibu miaka 10, hadi naye akafa Machi 1935. Kinachonigusa zaidi ni kwamba mwanzoni watu wengi pale stesheni walimwona kero tu. Walianza kumjali sana baada ya gazeti kuandika habari zake mwaka 1932. Uaminifu wa kila siku hauonekani mpaka mgeni auonyeshe kidole.

Mbwa wangu, Simba, hajui kama nimetoka kazini na heshima yangu au nimefokewa mbele za watu. Nikiingia, mkia unagonga mlango, ananusa viatu, kisha suruali, kisha viganja, halafu ananitazama usoni. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walionyesha kuwa mbwa na mwenyewe wakitazamana hivyo, oksitosini hupanda kwa wote wawili. Ndiyo homoni inayosaidia kumfungamanisha mama na kichanga chake. Basi nami nikaiga: mtu wangu akirudi nyumbani, simu naiweka chini na ninanyanyuka. Jaribu wiki moja uone nyumba inavyobadilika.

Lakini kuna upande ambao hatupendi kuusema. Mbwa aliyefungwa mnyororo jua kali, bakuli la maji limekauka, bado anamtikisia mkia aliyemfunga. Kwa hiyo kupendwa na mbwa si cheti cha wema. Vivyo hivyo kwa binadamu: mke, rafiki au mama asiyekuacha hajathibitisha kuwa unamtendea vyema. Huenda ni yeye tu aliye mwema. Tuna tabia ya kuwapa wageni tabasamu na kuwaachia wasioondoka makombo ya muda wetu. Nafikiri ndiyo dhuluma inayofanyika kwa upole kuliko zote.

Na tafadhali, usiniambie tuige kila kitu. Anayepigwa nyumbani asibaki kwa kisingizio cha uaminifu. Mbwa hana pa kwenda. Wewe tafuta msaada uondoke.

Ikiwa maneno haya yamekutia hamu ya kufuga, piga hesabu kwanza. Mbwa wengi huishi miaka 10 hadi 13, na kuna wanaopita hapo. Atahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa na marudio yake kama daktari wa mifugo atakavyopanga, maji safi kila siku, matembezi hata siku umechoka, na mtu wa kumwangalia ukisafiri. Akizeeka atakojoa sebuleni na utafuta bila kufoka. Kama hayo huyawezi kwa sasa, nenda kacheze na wa jirani.