Mishono ya Fuvu: Majibu kwa Wasomaji wa Tanga

Mdogo wangu alianguka na bodaboda, akapigwa picha ya eksirei. Niliona mstari katikati ya paji la uso, kuanzia juu ya pua kwenda utosini, lakini daktari akasema si ufa. Inawezekanaje? (Msomaji, Ngamiani)

Inawezekana kabisa. Sote huzaliwa na mfupa wa paji ukiwa vipande viwili, na kati yake hupita mshono, yaani maungio ya mifupa ya fuvu, pale pale ulipouona mstari. Kwa watoto wengi mshono huo huziba katika mwaka wa kwanza au wa pili, ila wapo ambao hubaki nao maisha yote. Katika jamii nyingi zilizochunguzwa hawafiki mtu 1 kati ya 10. Si ugonjwa wala ulemavu.

Daktari huutofautisha na ufa kwa kuzitazama kingo: mshono hukaa katikati, hupindapinda kama meno ya msumeno, na kingo zake huonekana nyeupe kwenye picha, ilhali ufa mpya aghalabu hunyooka, huwa mweusi zaidi, na huweza kukatiza hata mshono mwingine. Niongeze jambo ambalo hukuuliza, nalo ndilo zito zaidi: fuvu lisilo na ufa halithibitishi kuwa ubongo umesalimika. Mdogo wako akitapika, akisinzia kupita kiasi au maumivu ya kichwa yakizidi, mrudisheni hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa usiku wa manane.

Fuvu la plastiki la maabara yetu lina vifupa vidogo karibu na kisogo, ambavyo havimo kitabuni. Je, limekosewa? (Mwanafunzi, Muheza)

Yaelekea aliyelitengeneza alinakili fuvu la mtu halisi, jambo la kupongezwa. Vifupa hivyo hutokea ndani ya mishono, hasa ule unaopakana na mfupa wa kisogo, na vimepewa jina la Ole Worm, tabibu wa Denmark wa karne ya 17. Mtu anaweza kuwa na kimoja, kadhaa, au asiwe nacho, na upande wa kulia usilingane na wa kushoto. Vikizidi 10 kwa mtoto anayevunjika mifupa mara kwa mara, madaktari hufikiria ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha mifupa. Kwa mtu mzima mwenye afya, vichache havina neno.

Ni kweli kwamba mishono humwonyesha mtaalamu umri wa marehemu? (Msomaji, Pangani)

Kwa makadirio mapana tu. Mishono ya juu ya kichwa huanza kuziba utu uzimani, kwa kawaida kutoka upande wa ndani, lakini kasi yake hutofautiana mno, hata mzee akakutwa na mishono iliyo wazi huku ya mtu wa makamo ikiwa imeanza kufutika. Ule ulio juu ya sikio huchelewa zaidi. Kwa hiyo mchunguzi makini huangalia pia nyonga na ncha za mbavu kabla ya kutaja umri.