Ukiletewa rasimu ya kiwango, anza na safu ya mwisho

Nina mashine ya kusaga na kukoboa hapa Mafinga, tena ni katibu wa umoja wetu wa wasagaji. Ndiyo maana rasimu za viwango vya nafaka huishia mezani kwangu.

Ya kwanza ilitufikia zikiwa zimebaki siku tisa maoni yafungwe, na ilikuwa kwa Kiingereza kitupu. Ukomo wa unyevu wa mahindi, asilimia 13.5, hatukuupinga, mahindi mabichi huota ukungu, nasi ndio tunaokula hasara. Tatizo lilikuwa kipimo: kilitambuliwa cha tanuri ya maabara, inayokausha sampuli, peke yake. Mwezi wa saba, baridi na umande vikiwa vimetanda, gari la magunia likisimama langoni tunachokishika ni kipima unyevu cha mkononi. Tulikaa usiku tatu tukaandika maoni kumi na moja. Kiwango kikatoka vilevile, bila hata mstari mmoja wa kutujibu. Lakini taarifa ya kamati iliyotunga kiwango ilisema wadau wameshirikishwa. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma. Kukataliwa huku nimepewa sababu ningekubali.

Tangu hapo sipimi uwazi wa utungaji wa kiwango kwa idadi ya waliosaini mahudhurio. Fomu ya maoni ya ISO, shirika la kimataifa la viwango, ina safu ya kifungu, aina ya maoni, hoja, badiliko linalopendekezwa, na mwisho kabisa safu ya majibu ya sekretarieti. Iombe ile ya rasimu iliyotangulia, iliyokwisha kujazwa. Hesabu ni maoni mangapi yamejibiwa kwa sababu. "Imepokelewa" usiihesabu. Kisha tazama nani alijibiwa: kama ni viwanda vikubwa tu, umeshaujua mlango ulivyo.

Siku nazo zihesabu. Kanuni ya utendaji mwema iliyo kwenye mkataba wa Shirika la Biashara Duniani (WTO) wa vikwazo vya kiufundi vya biashara inataka angalau siku 60 za maoni. Mimi huanza kuhesabu siku rasimu ilipofika Mafinga.

Jambo moja huwachanganya wengi, nalo ni bei. Nyaraka za kiufundi za intaneti ziitwazo RFC, zilizoanza 1969, husomwa bure. Viwango vingi vya ISO huuzwa. Bei inakuzuia kusoma, na hilo ni kosa kubwa kwa msagaji mdogo, ila haikuambii kama kiwango kilitungwa kwa uwazi. Cha bure nacho chaweza kutungwa na watu watatu chumbani. Bei ipime peke yake, uwazi nao peke yake.

Na neno "maafikiano" lisikutishe. Kwa ISO si lazima wote wakubali. Inatosha kusiwe na pingamizi zito linaloendelea kushikiliwa. Kwa hiyo pingamizi lako liandike, lirudie, wala usiliache mdomoni.

Rasimu iliyofuata tuliomba fomu iliyojazwa kabla ya kuandika lolote. Safari hii tulijibiwa: kipima cha mkononi kinaruhusiwa langoni kikihakikiwa, mgogoro ukitokea tanuri ndiyo inaamua, na sababu imeandikwa. Karatasi hiyo nimeibandika ukutani juu ya mizani.