Samli Iende Kwenye Uji: Majibu kwa Wazazi Wapya wa Tanga

Barua za wiki hii karibu zote zimetoka kwa watu wa mtoto wa kwanza. Nimekuwa mkunga hapa Tanga miaka mingi, na mimi mwenyewe nilikandwa na mama yangu nilipozaa, kwa hiyo najibu kwa pande zote mbili.

Shikamoo bibi. Naingia mwezi wa tisa, mimba ya kwanza. Nitajuaje uchungu ndio wenyewe? Naogopa kwenda nikarudishwa. (Mjamzito, Makorora)

Marahaba, mwanangu. Uchungu wa kweli huja, huachia, hurudi, na kila ukirudi ni mkali zaidi na umekaribiana zaidi na uliopita. Ule wa kudanganya hupoa ukioga au ukijinyoosha. Ukiona unakuja kila dakika tano kwa saa nzima, ondoka. Chupa ikipasuka, ondoka hata kama huumwi. Ukiona damu, au kichwa kinauma sana na macho yanaona maruweruwe, au uso umevimba, au mtoto ameacha kucheza, usihesabu dakika yoyote: nenda saa hiyo hiyo.

Kurudishwa si aibu. Nimepokea wanawake waliorudishwa mara mbili, wakaja mara ya tatu wakazaa salama. Wanaoninyima usingizi mpaka leo ni waliochelewa.

Leo hii mtafuteni mtu wa bajaji mnayemwamini, mkubaliane kwamba atakuja hata saa nane za usiku. Kadi ya kliniki iwe juu kabisa kwenye begi, kisha kanga safi nne au tano, pedi, nguo za mtoto, beseni na sabuni. Vifaa vingine muulize muuguzi wako, maana vituo havifanani.

Nina mtoto wa kiume wa siku tatu. Mama mkwe anasema kitovu kikidondokea uume, mtoto hatakuwa mwanamume. Ameleta samli nipake kikauke upesi. Nikikataa ataona namdharau. (Mzazi, Pongwe)

Swali hili nimeulizwa wodini, sokoni, hata msibani, na kila mara naliona hofu machoni mwa anayeuliza. Kwa hiyo nalijibu taratibu.

Kipande kile ni mabaki ya kamba iliyokuwa ikimlisha mtoto tumboni. Kikishakatwa hakina uhai tena. Hukauka, huwa cheusi, hudondoka chenyewe, mara nyingi ndani ya wiki mbili. Hakiwezi kumchukulia mtoto uanaume wake, kidondoke popote.

Samli ndiyo inayonitia wasiwasi. Pale kitovuni bado ni kidonda, mlango wa kuingia mwilini. Samli, majivu, mate, dawa ya meno, vyote hupeleka vijidudu ndani, na pepopunda ya mtoto mchanga imeua wengi kwa njia hiyo. Kitovu kinataka usafi na ukavu, basi. Nawa mikono kabla ya kumshika mtoto. Nepi ikunje chini ya kitovu, kipate hewa. Ukifanya hivyo kitovu hakigusi uume, na mama mkwe naye atatulia. Ukiona wekundu umezunguka, usaha au harufu mbaya, mpeleke mtoto hospitali siku hiyo hiyo.

Samli usiikatae. Mwambie: "Mama, naomba unitilie kwenye uji wa pilipili manga." Amekuja kukuhudumia, mpe pa kukuhudumia. Wanja wa machoni mwa mtoto nao uachwe, maana baadhi yake una madini ya risasi.

Shikamoo. Mke wangu kajifungua juzi. Titi linatoa matone machache ya njano na mtoto analia. Dada yangu anataka tumpe maji ya glukosi. (Baba, Sahare)

Marahaba, baba. Matone hayo ya njano ndiyo maziwa ya kwanza, dang'a, yana kinga ambayo hakuna duka linaloiuza. Ni machache kwa sababu tumbo la mtoto nalo ni dogo. Maziwa mengi hushuka kwa kawaida siku ya tatu au ya nne, na kinachoyaita ni mtoto mwenyewe kunyonya, mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Ukimjaza maji ya glukosi hatanyonya, na asiponyonya maziwa yatachelewa. Hata kwenye joto letu la Februari mtoto hahitaji maji mpaka atimize miezi sita.

Mtazameni anavyonyonya: mdomo uwe wazi sana, ashike na weusi wa titi, si chuchu tu. Kuanzia siku ya tano akikojoa mara sita au zaidi kwa siku, anashiba. Lakini akilegea, akikataa titi, akiwa na homa au akipumua mbio, msingoje kuche.

Wewe kazi yako ni kumletea mkeo maji na chakula kila anaponyonyesha.

Mwajiri anasema likizo ya uzazi ni ya mama tu. Kweli? (Baba mtarajiwa, Chumbageni)

Si kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa baba siku 3 zenye malipo, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mama ana siku 84, au 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini ana hadi saa mbili za kunyonyesha kila siku. Siku tatu ni chache mno kwa baba, nami nitalisema hilo kila nikipata nafasi.

Nimezaa kwa upasuaji. Shangazi amekuja kutoka Pangani kunikanda na kunifunga mkaja. Pia nalia kila jioni bila sababu. (Mzazi, Ngamiani)

Pole, mwanangu, na hongera. Mkaja ni heshima kubwa kwetu, ndiyo maana kwenye posa mama wa bibi harusi hupewa wa kwake. Lakini tumbo lenye mshono halikandwi kwa maji moto wala kukazwa. Shangazi akukande mgongo na miguu kwa maji ya uvuguvugu, akupikie, abebe mtoto ulale. Pedi ikilowa chepechepe ndani ya saa moja, au ukipata homa, rudi hospitali.

Machozi ya siku za mwanzo huwapata wengi, hayana uhusiano na jini wala na kutompenda mtoto. Yakipita wiki mbili, au ukapata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto hata mara moja, mwambie muuguzi bila kuona haya. Hayo yana tiba.

Kesho tunaruhusiwa kutoka hospitali ya Bombo kwenda nyumbani Mikanjuni. Bodaboda inafaa? (Baba)

Haifai. Chukueni bajaji au teksi. Kabla ya kutoka hakikisheni mtoto amepata BCG, chanjo ya kifua kikuu, na matone ya polio, mna tangazo la kizazi la kufuatilia cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa usajili wa serikali, na mmejua tarehe za kurudi: siku ya 7, ya 28 na ya 42, ambayo ni siku mbili tu baada ya arobaini. Chandarua kiwe kimeshatundikwa mkifika. Wageni wanawe mikono kwa sabuni, na mwenye mafua amwone mtoto kutokea dirishani.