Nyumba ya vioo pichani na sebule yako: maswali na majibu

Wiki kadhaa zilizopita niliandika habari za Julius Shulman (1910–2009), mpiga picha wa majengo wa Los Angeles. Picha zake za nyumba za vioo na chuma zilizunguka dunia nzima, na hadi leo zinawafanya watu watamani makochi mafupi na madirisha yanayoanzia sakafuni. Barua zimekuja nyingi. Leo najibu tano.

Shikamoo Mwalimu. Ile picha ya wasichana wawili waliokaa kwenye sebule ya vioo, mji mzima ukiwaka chini yao, ilipigwaje usiku na kila kitu kikaonekana? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Kwa wale ambao hawajaiona: nyumba iko ukingoni mwa kilima, na kona ya sebule yake ni kama imeachwa ielee hewani. Ndani yake wasichana wawili wenye magauni meupe wanazungumza, na huko chini mitaa ya Los Angeles imenyooka kama shanga zilizotungwa. Ni nyumba ya familia ya Stahl, msanifu wake akiwa Pierre Koenig, na Shulman aliipiga Mei 1960.

Shida aliyokuwa nayo unaijua hata wewe mwenye simu. Ukifuata taa za nje, sebule inakuwa giza. Ukimulika sebule, dirisha linabaki jeusi tii. Yeye alitenganisha kazi hizo mbili. Alisimamisha kamera kubwa ya filamu ya inchi 4 kwa 5 juu ya stendi, taa za ndani zikazimwa, akaacha lenzi wazi kwa takriban dakika 7 ili taa za mji zijichore taratibu kwenye filamu. Muda wote huo wasichana walikuwa wamekaa gizani, wakingoja. Halafu flashi zikawaka mara moja, na kwa kufumba na kufumbua sebule yote ikaingia kwenye kipande kilekile cha filamu.

Kwa hiyo aliyesimama pale usiku ule hakuona unachokiona wewe. Aliona giza refu, kisha mwanga wa ghafla. Ni filamu peke yake iliyoviona vyote viwili pamoja, na mimi kila nikiitazama picha hiyo naukumbuka ule ukimya wa dakika saba.

Kumbe alikuwa anapanga! Sasa hiyo si ni kudanganya watu? (Msomaji, Mombasa)

Hapana, ndugu yangu, na hili nalisema kwa moyo wote. Bibi harusi akipambwa hajamdanganya mtu. Ila anayeoa ajue kwamba pambo lina siku yake.

Ni kweli Shulman alipanga. Samani za picha mara nyingi ziliazimwa. Nyumba mpya ikiwa bado imezungukwa na udongo mtupu, alikata matawi, akayaweka au akamshikisha msaidizi mbele ya lenzi, na anayetazama akaona kivuli cha mti uliokomaa. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mwaka 1947, kwenye nyumba ya akina Kaufmann huko Palm Springs, jangwani, iliyosanifiwa na Richard Neutra. Jioni ilikuwa inaingia, milima nyuma inageuka rangi, na Shulman akaipiga ile picha moja kwa muda wa dakika 45, akifungua na kuifunga lenzi huku akikimbia ndani na nje kuwasha na kuzima taa. Kando ya bwawa amelala Bi. Kaufmann. Ukimtazama utasema mama wa watu anajipumzisha na upepo wa jioni. Alikuwa kazini: aliombwa alale pale ili mwili wake uzibe taa ya bwawa iliyokuwa inaichoma lenzi.

Kinachonisikitisha ni kile ambacho picha haina nafasi nacho. Buck Stahl, mwenye ile nyumba ya kilimani, hakuwa tajiri. Alinunua kile kiwanja cha mlimani mwaka 1954 kwa dola 13,500, akatumia wikendi zake kukusanya vipande vya zege lililovunjwa kwenye maeneo ya ujenzi ili kukingia ukingo usiporomoke. Wasichana wenye magauni meupe wamekaa juu ya jasho hilo.

Mimi na mume wangu tuna kiwanja Kigamboni. Tumemwonyesha fundi picha za nyumba hizo: ukuta mzima wa vioo, paa bapa lisiloonekana. Anasema inawezekana. Tuendelee? (Msomaji, Dar es Salaam)

Dada, subirini kidogo kabla ya kumwaga msingi.

Fundi amesema kweli, inawezekana. Lakini picha mliyompa ni ya Los Angeles, na nyumba ile iliandikiwa jua la kule. Mji ule uko kama nyuzi 34 kaskazini mwa ikweta. Wakati wa kiangazi jua hupita juu sana, hivyo paa lililotokeza mbele ya ukuta wa kusini hukikinga kioo. Wakati wa baridi jua hushuka na kuingia ndani kupasha joto, na wao wanalitaka. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini. Jua letu mchana liko utosini, na hapo paa la kawaida linatosha. Linalotuumiza ni lile la asubuhi na la alasiri, linaloingia kwa ubavu, chini ya paa, mwaka mzima.

Nina jirani aliyeweka kioo kuanzia sakafuni hadi juu, upande wa magharibi, kwa sababu ndiko barabara iliko na ndiko watu wanakopita. Nilimtembelea saa tisa alasiri. Kochi lilikuwa linaunguza mkono. Kwenye kile kioo ghali alikuwa amebandika khanga mbili kwa gundi ya karatasi, moja imekwishapauka upande mmoja, feni inazungusha hewa ya moto, na familia yote imehamia kibarazani upande wa jikoni.

Na mvua. Los Angeles hupata kama milimita 380 kwa mwaka, Dar inapita 1,000. Paa mnaloliona bapa kule limetokeza, lina ukingo. Haya yetu ya kuficha nyuma ya ukuta hayana hata shubiri ya kukinga dirisha, na maji yote yanategemea mfereji mmoja ambao majani ya mwembe yakiingia umeziba. Mara ngapi tumeona madoa meusi kwenye jipsamu ya nyumba yenye miaka miwili?

Hata Wamarekani wenyewe hawakukubaliana. Dkt. Edith Farnsworth, daktari wa Chicago, alijengewa na msanifu Mies van der Rohe nyumba ya vioo pande zote, ikakamilika mwaka 1951. Akalalamikia joto, baridi, wadudu na kukosa faragha. Mwaka 1953 mhariri wa jarida la House Beautiful, Elizabeth Gordon, alizishambulia waziwazi nyumba za namna hiyo. Hoja zake nyingine zilipita kiasi, lakini hapo pa starehe ya mwenye nyumba nasimama naye.

Ushauri wangu: kioo kikubwa kiwekeni kaskazini au kusini, paa litokeze walau mita moja, na madirisha yafunguke pande mbili ili upepo wa bahari upite. Mtapata ile hali ya ndani na nje kuwa kitu kimoja, na hiyo ndiyo iliyowavutia, si kioo chenyewe.

Binti yangu amerudi kutoka chuoni, anataka nitoe vitambaa vya kochi, picha za ukutani na kabati la vyombo. Anasema sebule za kwenye picha hizo zina nafasi. Nimsikilize? (Mama, Tabora)

Mama, shikamoo. Ugomvi huo ulikuwepo hata kati ya wakubwa. Neutra alitaka vyumba vyake vionekane vitupu, Shulman akataka viwe na dalili ya mtu anayeishi humo. Ndiyo maana aliweka watu, vikombe, kitabu kilichoachwa wazi.

Mwambie binti amtafute pia mpiga picha Ernie Braun. Huyu alizipiga picha nyumba za Joseph Eichler, mjenzi aliyejenga takriban nyumba 11,000 huko California, akiziuza kwa familia za kipato cha kati. Humo utaona watoto sakafuni, mama jikoni, kuku wa kuchoma uani. Naamini picha za namna hiyo ndizo zilizobadili nyumba za watu kuliko ile ya kilimani, kwa sababu mtu alijiona ndani yake.

Kabati la vyombo lisogezwe lisizibe dirisha. Vitambaa ulivyofuma kwa mkono wako visiguswe.

Nikipiga picha nyumba za wateja kwa simu, kuta zinalala kama zinataka kuanguka. Nakosea wapi? (Dalali, Arusha)

Unainua simu kutazama juu. Kamera ya Shulman iliruhusu lenzi ipandishwe peke yake huku filamu ikibaki wima, kwa hiyo aliingiza paa bila kuinamisha chochote. Wewe rudi nyuma, au panda kwenye ngazi ya fundi, washa mistari ya gridi, simu isimame wima kabisa. Mbele patakuwa na ardhi nyingi mno, utaikata baadaye. Na piga mara tu jua linapozama, taa zote za ndani zikiwa zimewashwa. Fika mapema, maana magharibi yetu ni fupi kuliko ya California na mbingu ya buluu haikusubiri.